Kabla ya kupigia mradi makofi, uliza kura ilipigwa wapi

KILA mwaka wananchi huambiwa kwamba mradi fulani wa afya umefaulu. Waliopewa chujio za maji hawaharishi tena. Akina mama waliohudhuria mafunzo ya lishe wana watoto wenye siha. Makofi hupigwa na pesa zaidi hutengwa.

Maoni yangu, msomaji, ni kwamba uulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi hayo. Waliofaidika walilinganishwa na nani? Na ni nani aliyeamua huyu apate na yule akose?

Tuchukue hayo mafunzo ya lishe. Mama anayeweza kuacha kibanda chake cha mboga siku nzima aghalabu ni yule aliye na mtu wa kumwachia kazi, na ambaye tayari anajali chakula cha mtoto. Ukimlinganisha mtoto wake na wa jirani asiyehudhuria, utaona tofauti hata kama mkufunzi hakufunza lolote la maana.

Kulinganisha kabla na baada nako ni mtego. Mradi wa malaria ukianza wakati wa mvua na kupimwa wakati wa kiangazi, ugonjwa utakuwa umepungua wenyewe.

Dawa ya udhaifu huu ni kura. Watu, au vituo, wagawanywe kwa kura katika makundi mawili: moja lipate huduma, jingine lisipate kwanza. Wenye pesa na wasio nazo, waliosoma na wasiosoma, wataangukia pande zote karibu sawasawa. Wakiwa wengi vya kutosha, tofauti kubwa itakayoonekana baadaye itakuwa imeletwa na huduma yenyewe.

Sisi madaktari tunaitegemea njia hii. Utafiti wa kura uliofanywa Afrika Mashariki, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, ulisaidia kuonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya 18. Lakini kura si ya dawa peke yake. Hupima pia tabia za watu, na huko ndiko tunakobahatisha zaidi.

Mfano mzuri ni neti za mbu. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidai kwamba mtu huthamini alichokinunua. Neti ya bure, walisema, itaishia kuvulia samaki, hivyo mja mzito alipie angalau kidogo. Hoja hiyo ilisikika vizuri. Lakini ukiwalinganisha tu walionunua na waliopewa bure, huenda unalinganisha wenye uwezo na wasio nao.

Watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima jambo hilo kwa kura katika kliniki 20 za waja wazito magharibi mwa Kenya. Baadhi ya kliniki zilitoa neti bure, na nyingine ziliziuza kwa bei isiyozidi shilingi 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya kila akina mama 100, karibu 60 ambao wangechukua neti ya bure waliikosa bei ilipofika shilingi 40. Nao walionunua hawakuonekana kuzitumia zaidi ya waliopewa bure.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Malaria humpunguzia mja mzito damu, na humfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Hoja iliyosikika vizuri, lakini ambayo haikuwa imepimwa, ilikuwa ikiwanyima kinga wale waliohitaji zaidi.

Hata hivyo, kura nayo ina mitego yake. Kwanza, isipigwe na chifu wala muuguzi anayeweza kuwapendelea jamaa zake.

Pili, angalia kama faida inavuka kwa jirani. Mtoto mmoja akipewa dawa ya minyoo, mayai ya minyoo hupungua mchangani na mwenzake asiyemeza dawa hupunguziwa maambukizi pia. Ukiwalinganisha hao wawili utadhani dawa haifai. Ndiyo maana katika mradi wa Busia ulioanza mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer waligawanya shule nzima nzima, 75 kwa jumla, wala si mwanafunzi mmoja mmoja.

Tatu, walioacha njiani wasifutwe. Aliyepewa chujio akalitupa stoo ahesabiwe na kundi lake, la sivyo watabaki wenye bidii tu na mradi utapata sifa isiyo yake.

Nne, usitosheke na maneno. Ukimuuliza mtu kama analala ndani ya neti, atasema ndiyo ili asikuudhi. Afadhali umtembelee nyumbani uone kama imetundikwa.

Wapo watakaosema kwamba kura ni kuwafanya watu panya wa maabara. Wasiwasi huo una haki yake. Hakuna anayefaa kuingizwa katika utafiti bila kuelezwa na kukubali, wala kunyimwa tiba ambayo tayari imethibitishwa. Lakini huduma inapokuwa mpya, nayo haiwatoshi wote, lazima wengine wangoje. Je, wangoje kwa kura, au kwa kutojuana na mkubwa? Huko Busia shule zilizongoja zilipata dawa baadaye. Kuipeleka huduma isiyopimwa kwa mamilioni ya watu pia ni majaribio, ila ni majaribio yasiyotufunza kitu.

Kaunti yako itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda. Mradi wa afya ukitajwa, inuka uulize: Ulijaribiwa wapi? Kwa kura? Walioacha walihesabiwa? Pesa hizo ni zako, na watakaougua mradi usipofanya kazi ni watoto wako.