Vijiwe Vidogo Katika Picha ya Nyonga

Mzee huteleza shambani, akapelekwa kupigwa picha ya eksirei ya nyonga. Mfupa haukuvunjika, Mungu ashukuriwe. Lakini pichani yaonekana madoa meupe mawili matatu, ya mviringo, madogo kama punje za mtama. Anaambiwa, "Una vijiwe," basi. Anarudi nyumbani na neno hilo moja, na jioni ukoo unakaa kuchanga fedha za upasuaji, au za chupa ya dawa ya kuyeyusha mawe.

Sisi hatumlaumu mzee. Tunamlaumu aliyelitamka neno hilo akaliacha hapo.

Vijiwe vya namna hii mara nyingi si vya figo. Ni damu iliyoganda kidogo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hasa pale inapokwenda polepole, kama kuzunguka kibofu cha mkojo na, kwa akina mama, kuzunguka kizazi. Donge hilo hukaa miaka, chokaa ya mwilini ikajikusanya ndani yake tabaka kwa tabaka, mpaka likawa gumu. Watu wengi waliopita miaka 40 wanavyo, wake kwa waume, wala hawajui. Kwa kawaida havina madhara, havihitaji dawa wala kisu.

Pichani huwa duara laini, na mara nyingi katikati peusi kidogo, kama tundu la ushanga. Jiwe lililoshuka kutoka figo kwa kawaida halina tundu hilo. Lakini hufanana mno, hata mabingwa wakahitaji skani ya CT kuvitenganisha. Kwa hiyo mwenye maumivu makali ya ubavu yanayoshuka kinenani, au damu katika mkojo, au homa, asibaki nyumbani kwa ajili ya maneno yetu haya. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hilo huenda ni donge jipya la damu, jambo jingine kabisa: hospitali upesi!

Mgonjwa naye asione haya kuuliza: "Daktari, vijiwe hivi vimo ndani ya nini? Vinahusika na maumivu yangu?" Ni haki yake kujibiwa kwa lugha anayoielewa, kabla hajauza mbuzi. Tena aombe nakala ya picha, aitunze pakavu. Akipigwa nyingine miaka ijayo, daktari ataweza kuona kama madoa ni yale yale, mahali pale pale.