Programu ya bure inayokula mega zetu



Tuseme wazi: kwenye machini zetu hapa Goma, Bukavu au Bunia, programu yenye matangazo haiko ya bure. Tunailipa. Hatuilipi kwa dola, tunailipa kwa mega.

Mtu wa Ufaransa mwenye intaneti ya mwezi mzima bila kuhesabu, tangazo likimtokea linamsumbua macho tu. Anafunga, anaendelea. Kwetu haiko vile. Wengi wetu tunaunganisha machini na simu, na simu yenyewe iko na forfe ya siku moja, au ya juma kama mambo ni mazuri. Kila picha ya tangazo, kila video inayojifungua yenyewe pembeni, inashuka kupitia ile forfe. Tena programu mingi za namna hii hazilali. Umefunga dirisha, lakini yenyewe inabaki kule chini karibu na saa, inaita seva yake, inashusha matangazo mapya, na betri inaenda hivyo hivyo siku ambayo umeme haupo. Mwanafunzi anaweka unite asubuhi ili atume TFC kwa profesa. Wakati wa kutuma, mega zimekwisha. Nani alizikula? Hakuna aliyemuuliza ruhusa.

Mnakumbuka RAM, ile kodi ya simu iliyokuwa inakatwa kwenye unite zetu, mpaka kelele za wananchi zikafanya iondolewe mwaka 2022. Kilichotuuma hakikuwa kiasi cha franga peke yake. Ilikuwa namna ya kuchukua: mkono wa mtu mwingine ndani ya mfuko wako. Tangazo haliko kodi, tofauti tunaijua. Lakini ule mkono tunautambua.

Hatusemi wanaotengeneza programu wasile. Kuna matangazo yenye heshima. Kuanzia mwaka 2000, Opera, programu ya kutembelea intaneti, iliweka ukanda wa matangazo juu ya dirisha na kusema: hautaki kuuona, lipa. Mwaka 2005 wakauondoa kabisa. Yalikuwa mapatano ya kuonekana kwa macho. Na kijana asiye na karti ya benki, hata akitaka kulipa, atalipa namna gani? Tangazo njo linamfungulia mlango. Tusidanganyane pia: wengi wanaokimbia matangazo wanaenda kutafuta kraki, na kraki inawaletea virusi vinavyokula mémoire yote. Hapo afadhali tangazo.

Ubaya unaanza pale mapatano yanafichwa. Avast ni programu ya kulinda kompyuta, na mamilioni ya watu waliiweka bila kulipa. Kampuni yake nyingine, Jumpshot, ilikuwa inauza habari za kurasa ambazo watu wale wanatembelea. Mlinzi wa mlango njo alikuwa anauza habari za nyumba! Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 serikali ya Marekani iliiambia Avast ilipe dola milioni 16.5. Wala usifikiri kulipa kunakuokoa kila mara. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptop zenye Superfish ndani, programu iliyosukuma matangazo kwenye kurasa za watu na kutoboa usalama wao. Watu walikuwa wamenunua ile machini kwa franga zao.

Kwa hiyo tunauliza. Nchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na inasema juu ya ulinzi wa habari za mtu. Nani anaifuata hapa kwetu? Anayeuza machini mjini, anayewekea watu programu kwenye siberi, anapashwa kumwambia mteja nini kimeingia. Zile kasha ndogo zenye alama iliyokwisha kuwekwa, unabonyeza «Suivant, Suivant, Suivant» na unatoka na programu tatu ambazo haukuomba: huo ni wizi mdogo, hata kama umeandikwa kwa herufi ndogo.

Kwa sasa tusingoje. VLC ilizaliwa kwa wanafunzi wa Paris, na Jean-Baptiste Kempf, anayeiongoza, alikataa makumi ya mamilioni ya euro ili isiwekewe matangazo. LibreOffice inaandika TFC vizuri bila kukuonyesha tangazo hata moja. 7-Zip vilevile. Kila kikundi cha mtaa kishushe hizi tatu mara moja, kutoka kwenye kurasa zao zenyewe na si kwingine, kisha ziwekwe kwenye kle na zipite mkono kwa mkono. Mega za mtu mmoja zinatosha watu hamsini.

Na leo jioni, ukiunganisha machini na simu, ingia kwenye paramètres za Windows uweke «connexion limitée». Haizuii programu zote, zingine ni vichwa vigumu. Zile ufungue gestionnaire des tâches, uende kwenye «Démarrage», uzizime moja moja. Utashangaa ziko ngapi.