AFYA YETU: Mzizi wa Kava Wapimwa

Je, umewahi kushikwa na wasiwasi usio na sababu? Moyo unakwenda mbio. Jasho linatoka. Usiku hupati usingizi. Mtu akikuuliza, "Una nini?" huna la kumjibu. Hali hiyo ikidumu miezi mingi ni ugonjwa. Si uvivu, wala si kurogwa.

Mbali sana, katika bahari ya Pasifiki, kuna visiwa vya Fiji, Vanuatu na Tonga. Wenyeji wa huko hulima mmea uitwao kava. Kava ni ndugu wa pilipili manga na tambuu. Watu hutwanga mizizi yake, huichanganya na maji, huchuja, kisha hunywa. Wazee hunywa kava wanapokutana kuzungumza, kama sisi tunavyokaa na kahawa. Lakini kahawa huamsha, kava hutuliza. Mdomo hufa ganzi na mwili hulegea.

Wataalamu wa Australia walijiuliza: Je, mzizi huu unatibu ugonjwa wa wasiwasi? Wakaupima.

Wagonjwa waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilipewa vidonge vya kava. Kundi la pili lilipewa vidonge vya kufanana navyo, lakini havina dawa ndani yake. Mgonjwa hakujua anameza vipi. Hata aliyempa hakujua. Siri hiyo ilitunzwa mpaka mwisho.

Labda unauliza, kwa nini wampe mgonjwa kidonge kisicho na dawa? Wasiwasi hupanda na kushuka wenyewe. Tena mgonjwa akisikilizwa, na akiamini kuwa amepata dawa, hupata nafuu. Sasa utajuaje kama aliyemsaidia ni kava? Mfikirie mkulima anayejaribu mbolea mpya. Akiitia shamba zima, na mwaka huo mvua ikanyesha vizuri, hawezi kujua kilichozidisha mahindi ni mbolea au ni mvua. Mkulima mwerevu huitia nusu ya shamba, nusu huiacha.

Matokeo ya mwaka 2013 yalifurahisha. Wagonjwa walikuwa 75, kwa majuma 6. Waliomeza kava walipata nafuu kuliko wenzao. Lakini watu 75 ni wachache.

Wakapima tena. Safari hii wagonjwa walikuwa 171, kwa majuma 16. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Kava haikushinda vidonge visivyo na dawa! Tena vipimo vya damu vilionyesha kasoro za ini kwa watu wengi zaidi katika kundi la kava.

Huenda wewe hutumii kava, bali unakunywa mizizi mingine kwa ajili ya wasiwasi. Mweleze mganga wa zahanati. Mtajie jina la mti na kiasi unachokunywa. Usione haya, naye hatakucheka. Macho yako yakigeuka njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha kunywa mizizi hiyo na uende zahanati siku hiyo hiyo.