Alama Nne kwa Roboti Nisiyowahi Kuiona

Swali lilikuja hivi: fafanua roboti tembezi inayojiendesha, kisha utaje sehemu zake kuu. Alama nne. Nikaandika kwamba ni mashine inayohisi mazingira yake, ikaamua na kutenda bila mtu kuishika mkono; kwamba ina vihisi, kompyuta ndogo, mota na betri. Nikapata nne kwa nne. Nilikuwa mwaka wa tatu na sikuwa nimewahi kuona roboti hata moja kwa macho yangu. Tulikuwa na handauti iliyotolewa kopi ya kopi mpaka picha ya roboti ikageuka doa jeusi. Makomredi zaidi ya mia tulilikariri hilo doa, tukalifanyia mtihani, tukapita.

Chuo chenyewe sikitaji. Hakiko Meru wala Embu, kwa hivyo msianze kubahatisha. Niliacha muhula uliofuata, na si kwa ushujaa: Mama alikuwa ameuza ng'ombe kulipia karo, na ng'ombe wa pili hakuwepo. Sasa hivi naishi Embu mjini kwenye chumba kimoja, naandika makala za kulipwa. Ukitaka maneno elfu moja kuhusu mabati ya rangi, nitafute.

Lakini ile nne kwa nne inaniuma kuliko karo. Kwa sababu kozi ya msingi wa roboti isiyo na roboti haifundishi msingi wowote. Inafundisha imla. Na ubaya wake si kwamba inachosha tu. Inakufundisha kinyume cha kile roboti inahitaji ujue.

Wacha nieleze. Panda matatu ya usiku kutoka Meru kuja Embu. Makanga amelala, kofia imefunika uso. Mnapita Nkubu, mnashuka daraja la Nithi huku kila mtu akiomba kimoyomoyo, mnapita Chuka. Ghafla makanga anafungua jicho moja: "Runyenjes, shukeni!" Hajaangalia simu. Amekuwa akihesabu kona na matuta na mwili wake. Akianza kushuku hesabu yake, anachungulia nje, anaona taa ya petroli anayoijua, anajirekebisha, anarudi kulala.

Hiyo ndiyo kozi nzima. Roboti huhesabu mizunguko ya magurudumu yake ili ikisie imefika wapi. Kila mzunguko una kosa dogo, na makosa hayo hayafutani, yanarundikana. Kwa hivyo lazima ichungulie nje mara kwa mara, ipime umbali wa ukuta au mlango, kisha iamue: niamini hesabu yangu kiasi gani, na niamini macho yangu kiasi gani? Maana macho nayo hudanganya. Mwaka wa 1960 Rudolf Kalman alichapisha hesabu ya kupatanisha mashahidi wawili kama hao, na ni hesabu hiyo iliyosaidia vyombo vya Apollo kujua viko wapi njiani kwenda mwezini. Kiini chake ni kukubali kwamba hujui kwa hakika ulipo, na kupima kutojua kwako.

Sasa niambie, ni wapi katika elimu yetu mtu hupewa alama kwa kupima kutojua kwake? Tangu darasa la kwanza kosa ni wino mwekundu. Ukishuku jibu, unanakili la jirani. Halafu unafika chuoni kusoma mashine ambayo kazi yake ya kwanza ni kushuku, na unaisoma kwa kukariri. Si kichekesho hicho?

Mwaka jana nilishuka Nairobi nikanunua vipande pale Luthuli: bodi ndogo, mota mbili, magurudumu mawili na kijigurudumu cha nyuma, kihisi cha kupima umbali kwa mwangwi, betri na waya. Haikufika elfu nne. Nikaiunganisha kitandani, nikaiandikia programu ya mistari michache: nenda mbele mita mbili, usimame. Ikakata kona kushoto, ikaingia uvunguni. Nikajaribu tena. Kushoto, uvunguni. Mota mbili za boksi moja, waya sawa, nguvu sawa, na bado moja inakimbia kuliko mwenzake. Hakuna handauti iliyowahi kuniambia hivyo.

Nikaipeleka nje kwenye uwanja wa ploti. Ilikuwa imenyesha, na udongo wa Embu mnaujua. Magurudumu yakazunguka, yakazunguka, na kwenye simu yangu namba zikaendelea kupanda: mita moja, mbili, tatu. Roboti yangu iliamini imefika getini. Ilikuwa bado mlangoni, imezama kwenye tope jekundu. Mama mwenye ploti akasimama na ndoo yake, akauliza, "Kijana, hiyo kitu imelewa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa dakika tano hizo nilielewa ukurasa mzima niliokuwa nimeukariri bila kuuelewa.

Hapa ndipo wale wa "achana na chuo, jifunze mtandaoni" wanataka nipige makofi. Sipigi. Kwa sababu baada ya kucheka nilikwama, na bado nimekwama. Kurekebisha lile kosa kunataka matriki na uwezekano. Matriki nilifundishwa mwaka wa kwanza, kwenye ukumbi mwingine, na mtu ambaye hakuwahi kutamka neno gurudumu. Nilipita, nikasahau, nikauza kitabu. Sasa natazama video za bure usiku bando la bei rahisi likiwa hewani. Mwalimu anafika mahali anasema "kama mnavyokumbuka", na mimi sikumbuki, na hakuna wa kumwinulia mkono.

Kwa hivyo mimi nina tope bila hesabu. Wenzangu niliowaacha darasani wana hesabu bila tope. Mahali pekee pa kuviweka hivyo viwili kwenye meza moja ni chuo kikuu. Hiyo ndiyo kazi tunayokilipa. Ng'ombe wa Mama aliuzwa kwa ajili ya hiyo meza, si kwa ajili ya doa jeusi.

Utaambiwa hakuna vifaa. Uongo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kule Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo anayeitwa William Grey Walter alitengeneza roboti mbili akaziita Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na valvu mbili za redio, mota mbili, jicho moja la kuhisi mwanga na swichi ya kuhisi kugongana. Zilitembea sakafuni zikifuata taa, zikikwepa viti, na betri ikishuka zilirudi kibandani kujichaji. Bila kompyuta. Simu mbovu iliyo kwenye droo yako ina uwezo ambao huyo mtafiti hangeuota. Elfu nne yangu ukiigawa kwa watu watano ni mia nane kila mmoja. Mia nane ni pesa, najua, kuna wiki nimeishi na mia tatu. Ndiyo maana idara inunue, wanafunzi waazime, warudishe, na darasa la mwaka ujao likute mota zikiwa na mikwaruzo. Mikwaruzo ni mtaala pia.

Utaambiwa Kenya haina kazi za roboti. Nenda Kileleshwa, kuna mkahawa ambao roboti hukuletea chakula mezani. Au kumbuka Kericho, Mei 2023, waandamanaji walipochoma mashine za kuchuma chai. Hizo hazikuwa roboti za kujiendesha, ziliongozwa na watu, lakini somo ni lile lile. Siwacheki waliochoma, mtu anayeona mashine ikimeza kibarua chake ana haki ya kukasirika. Ninachouliza ni hiki: mashine kama hizo zikipanda milima yetu, kwenye chai ya Manyatta na ya Imenti, nani atakuwa na uwezo wa kuifungua moja, aseme inaweza nini na haiwezi nini kwenye mteremko wenye matope, na asaidie wachumaji kujadiliana wakiwa wanajua wanachokijadili? Aliyefundishwa ufafanuzi wa alama nne atabaki na kiberiti kama wengine.

Utaambiwa darasa ni kubwa, mtihani wa vitendo hauwezekani. Basi chukueni hii bure. Korido ya idara. Kila kikundi cha watano kiandae roboti itoke mlango wa kwanza hadi wa mwisho na kurudi. Nyingi zitapotea. Vizuri. Alama zitolewe kwa karatasi mbili zinazoeleza roboti ilipotea wapi, kwa nini, na kwa sentimita ngapi. Hiyo huwezi kunakili, maana roboti ya jirani imepotea kwa njia yake.

Meru kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Nchiru, kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Embu ina chake, hati ya 2016. Sikusoma huko na siwashtaki. Ninavitaja kwa sababu nikitembea na hii roboti yangu ya tope, hao ndio majirani, na swali ni la kila chuo kinachoandika neno "teknolojia" popote kwenye lango, brosha au bango. Na wewe uliyemaliza kidato cha nne unayejaza fomu ya kozi, au uliye mwaka wa kwanza na handauti mkononi, uliza wiki ya kwanza kabisa, kwa adabu lakini kwa sauti: "Mwalimu, tutaigusa lini?" Jibu likiwa "mwaka wa nne, kwenye mradi," uliza tena. Ulizeni mkiwa mia.

Rafiki yangu wa darasa lile anamaliza mwaka huu. Atavaa gauni, Mama yake atalia, na atakuwa hajawahi kuzungusha gurudumu. Juzi alinitumia ujumbe: "Buda, hiyo kitu yako bado inapotea?" Nikamjibu bado. Akasema atakuja Embu wikendi, na kwamba notsi zake za matriki hakuzitupa. Nimemwambia azibebe zote, na aje na buti, kwa sababu inanyesha.