Acheni Kuzima Taa, Tafuteni Hitilafu

Kuna biashara inashamiri kandokando ya barabara kuu, kuanzia Mlowo na Vwawa hadi Mpemba na Tunduma, nami nitaiita kwa jina lake: wizi. Taa ya injini inawaka, mwenye gari anaingia gereji, kijana anachomeka kimashine chini ya usukani, simu inaonyesha namba ya hitilafu, na papo hapo bei inatajwa. Boneti haijafunguliwa. "Sensa imekufa, bosi." Pesa inatoka.

Chukueni P0171, namba inayowatesa wenye Noah na IST. Inasema jambo moja tu: ndani ya injini hewa imezidi mafuta. Haisemi kwa nini. Huenda mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye throto umepasuka, na ufa wake huuoni mpaka uukunje kwa mkono. Huenda sensa ya hewa imejaa vumbi na inataka kusafishwa tu. Huenda pampu ya mafuta imechoka. Lakini kinachouzwa kila siku ni sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa! Anang'olewa shahidi, mhalifu anabaki. Mteja anafungiwa sensa ya mtumba, taa inazimwa, na kabla hajafika Mbeya imewaka tena.

Marekani iliulazimisha mfumo huu wa gari kujichunguza na kutoa namba za hitilafu kwa magari madogo yote mapya mwaka 1996 ili hitilafu zinazochafua hewa zijulikane mapema. Haukuwekwa kuwa orodha ya spea za kuuza.

Na huko kufuta namba ovyo ili taa izimike ndiko kunakoniudhi zaidi. Namba inapoandikwa, kompyuta ya gari huhifadhi pia hali ya injini wakati ule: joto, mwendo, mizunguko, mzigo. Hapo ndipo fundi makini anapoanzia kazi. Ukifuta kabla ya kunakili, umeteketeza ushahidi. Madalali wanalijua hilo vizuri. Wanafuta asubuhi ili mnunuzi wa mchana akute dashibodi safi. Huo ni utapeli, na anayewafutia ni mshirika wao.

Kwenye malori hali inatisha. Tunduma ni mlango wa mizigo ya Zambia na Kongo, na humo humo taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, inafunikwa kwa solotepu au balbu inang'olewa, kisha tela lenye shaba linashika njia ya Mlima Senjele. Labda kosa lenyewe lilikuwa waya uliokatika kwenye gurudumu moja, kazi ya mita ya umeme na subira kidogo. Likiachwa, breki za ghafla kwenye lami yenye mvua zinaweza kuyafunga magurudumu, tela likahamia upande wa wenzake wanaopanda. Watu wa Mkoa wa Songwe hawahitaji kuelezwa matokeo yake.

Msiniambie vifaa ni ghali. Mita ya umeme si ghali, na fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA akapewa cheti. Tatizo ni malipo. Nanyi wenye magari mmo: spea mnalipa bila kunung'unika, lakini fundi akiomba hela ya saa mbili za kupima waya na mipira, mnamwona mwizi. Basi naye anajifunza kula kwenye spea. Mmemfundisha wenyewe.

Dereva, ukifika gereji, namba iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Uliza kimepimwa nini, kwa kifaa gani, kimeonyesha nini. Lipa kazi ya kupima kama unavyolipa kazi ya kufunga. Na fundi akitaja bei ya spea kabla ya kufungua boneti, chukua ufunguo wako uondoke.