Programu ya Kurithi: Tuiendeshe Kabla ya Kuitupa

Chama chetu cha kompyuta kimerithi programu ya kujumlisha maksi, iliyoandikwa na wanafunzi waliomaliza shule mwaka 2015. Tangu muhula huu uanze, wenzangu wengi wameshika shauri moja: programu hii imechakaa, itupwe, tuandike nyingine. Mimi sikubaliani nao, na jambo lenyewe lawahusu pia walimu na wazee wetu, ambao kila muhula husoma ripoti zitokazo humo.

Wasemao itupwe wana haki kidogo. Iliandikwa kwa lugha ya Python 2.7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuitunza tangu tarehe 1 Januari 2020. Ukiiweka katika kompyuta yenye Python 3 hukataa papo hapo, kwa kuwa siku hizi neno «print» lataka mabano. Tena imeamriwa kutafuta maksi katika diski D, na kompyuta zetu za sasa hazina diski hiyo.

Lakini makosa ya namna hii yana adabu: hupiga kelele, nawe ukayaona. Mimi nayaogopa yale yanyamazayo. Chukua mwanafunzi aliyepata 45 katika karatasi ya kwanza na 46 katika ya pili. Jumla ni 91. Katika Python 2, ukigawa 91 kwa 2 wapata 45, maana namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, sehemu hutupwa. Katika Python 3 wapata 45.5. Hapana onyo lolote kwenye kioo. Basi mtu akiongeza mabano tu, akafurahi kuona programu inatembea, wanafunzi wawili waliokuwa sawa katika nafasi ya 12 watatengana, na mzazi atakuja kuuliza sababu. Jibu lipi litumike ni shauri la walimu, wala si la mwanachama mwenye haraka.

Kwa hiyo nasema, kwanza tuirudishie programu hiyo makao yake ya zamani, katika kompyuta ya chama na wala si ya ofisi. Tuweke Python 2.7.18, toleo la mwisho la ukoo huo, lililotoka Aprili 2020. Tuweke na vifurushi vyake kwa namba zile zile walizotumia wenyewe. Kisha kompyuta hiyo ikatwe na intaneti, maana lugha isiyotunzwa matundu yake hayazibwi tena. Tuipe nakala ya maksi iliyofutwa majina, itoe ripoti za miaka iliyopita, nasi tuzilinganishe na karatasi zilizomo kabatini, moja moja.

Kazi hii yachosha, sikatai. Mimi na wenzangu wawili tumeianza kwa kompyuta ya kuazima, na vidato viwili tumekwisha kuvilinganisha. Mlikuwa na mistari sita ambayo kila mtu aliiita takataka. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimlinda mwanafunzi aliyekosa karatasi kwa ugonjwa, asihesabiwe sifuri. Jumla yake hugawanywa kwa karatasi alizofanya tu. Jambo hili halikuandikwa mahali pengine popote. Nani kati ya wale watakao kuandika upya angelikumbuka?

Hata wakubwa yamewapata. Netscape ya Marekani iliamua mwaka 1998 kuiacha programu yake ya kusomea kurasa za intaneti na kujenga nyingine tangu msingi. Netscape 6 ilitoka Novemba 2000, na kwa muda huo Microsoft ilikuwa imekwisha kuchukua watu wengi.

Sisemi programu hii ikae milele. Siku moja itabidi ihamie Python 3. Ila kila hatua ya kuiweka iandikwe inapofanywa, kisha karatasi hiyo apewe mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aifuate peke yake bila kuuliza. Akikwama, tusimcheke, bali turekebishe karatasi. Namwomba Bwana Mwalimu atusimamiaye atupe ile kompyuta kuukuu iliyomo stoo, na muhula mmoja, kabla chama hakijapiga kura.