Barakoa ya meya na barakoa ya mama

Mwaka 2020 nyumbani kwetu tulipigilia msumari nyuma ya mlango wa sebuleni kwa ajili ya kutundika barakoa. Sheria niliiweka mimi: hakuna kutoka bila barakoa, kwa sababu tunaishi na mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye pumu. Wiki ya pili nikarudi kutoka msibani. Binti yangu, wakati huo darasa la nne, akanipokea mlangoni: "Mama, barakoa yako iko wapi?" Ilikuwa kwenye pochi. Nikamwambia aache maneno, akafanye kazi ya shule. Kuanzia siku hiyo yeye na kaka yake wakawa wanazisahau palepale msumarini.

Nimelikumbuka hilo baada ya kusoma habari za jiji la San Francisco, Marekani, wakati wa mafua makali ya mwaka 1918. Oktoba mwaka huo, kwa ushauri wa mganga mkuu wa jiji, Dk William Hassler, madiwani walipitisha sheria ya kila mtu kuvaa barakoa hadharani. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Wengi walitii, na hata vita vilipoisha Novemba 11 watu walishangilia barabarani wakiwa wamejifunika nyuso.

Lakini mwezi huohuo, kwenye pambano la ndondi, ilipigwa picha iliyowaonyesha baadhi ya wakubwa wa jiji wakiwa hawana barakoa. Miongoni mwao walikuwamo Dk Hassler mwenyewe na Meya James Rolph. Meya alilipa faini ya dola 50 kwa mkuu wake wa polisi.

Novemba 21 sheria iliondolewa, watu wakazitupa barakoa kwa shangwe. Ugonjwa ukarudi. Desemba madiwani walibishana, wakakataa kuirudisha sheria. Januari 1919 wakairudisha. Safari hii wananchi waligoma. Waliunda umoja wa kupinga barakoa, ukiongozwa na mwanamke, Bi E. C. Harrington, na maelfu wakakusanyika ukumbini. Baadhi yao walikuwa madaktari, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: vitambaa vile vilikuwa vyepesi kama vya bandeji, na vilizuia kidogo. Februari 1 sheria ikafutwa. Hadi mafua yanaisha, jiji lilikuwa limezika watu wapatao 3,000.

Sisemi kwamba picha moja ya ndondi ndiyo iliyoangusha sheria. Watu walikuwa wamechoka, na biashara zilikuwa zimeumia. Ila sisi wazazi tunajua kuwa mtoto akishakuona umevunja sheria uliyoiweka mwenyewe, siku ya pili ukiitaja anakutazama tu.

Meya angalau alilipa faini. Mimi sikulipa chochote. Nilitumia ukubwa wangu kumnyamazisha mtoto aliyekuwa anamlinda bibi yake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukiweka sheria nyumbani, iwe ya simu mezani au ya muda wa kurudi, anza nayo wewe. Ukiilegeza, waambie watoto mapema kwamba inaweza kurudi, na kwa sababu gani. Mtoto akikukamata umeivunja, kubali hapohapo. Na akikwambia sheria yako haifai, msikilize kwanza, huenda kitambaa chako nacho ni chepesi.

Jumapili iliyopita nilimwita binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari, nikamwambia siku ile ya msiba nilikosea. Akacheka. "Mama, mimi nilishasahau. Bibi ndiye hajasahau."

Nikaenda chumbani kwa mama mkwe wangu, nikampigia magoti. Tukutane wiki ijayo.